Anayepindua kwa Bunduki na Anayepindua kwa Kalamu

Hii ni hotuba niliyoitoa Mwanga, mjini Kigoma, mbele ya walimu wa somo la uraia, wanafunzi wa vyuo na wafanyabiashara wa ziwani. Wengi walikwamishwa na mvua, wakaomba waipate kwa maandishi. Naiweka yote kama nilivyoisema, ila salamu za mwanzo nimezifupisha.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu wa Ujiji, walimu wenzangu, kina mama wa Kibirizi mliofunga biashara mkaja, vijana wa vyuo: Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Nimepewa mada yenye jina refu: namna jumuiya za nchi zinavyomshughulikia mwanachama anayevunja misingi ya demokrasia. Yaani Umoja wa Afrika wenye makao yake Addis Ababa, Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki yenye makao yake Arusha, SADC ya kusini mwa Afrika, ECOWAS ya Afrika Magharibi, na nyingine za mbali. Nilipokuwa naingia mlangoni mzee mmoja alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, mambo ya Addis Ababa yanatuhusu nini sisi watu wa Kigoma?" Nitalijibu swali lake kabla ya mengine yote.

Mnakumbuka Mei 2015?

Mnaikumbuka Kagunga? Kijiji kiko mpakani kabisa na Burundi, mlima nyuma, ziwa mbele, na ukitaka kufika unakwenda kwa boti. Katika majuma machache kikapokea makumi ya maelfu ya watu. Walilala ufukweni juu ya mabegi yao. Maji ya kunywa yalikuwa ya ziwani, na haja pia ziwani hapo hapo. Kipindupindu kikaingia, kikaua watu wapatao 30 kabla hakijadhibitiwa. Liemba yetu, meli ya tangu enzi za Mjerumani, ilikuwa inasimama majini kwa sababu Kagunga hakuna gati. Watu wanapelekwa kwa mitumbwi, wanapandishwa mmoja mmoja, mtoto anapitishwa mkono kwa mkono, bibi anavutwa kwa mabega. Watu wapatao 600 kwa safari moja. Wakiteremshwa hapa bandarini wanapelekwa Uwanja wa Lake Tanganyika, na kutoka uwanjani mabasi yanawachukua hadi Nyarugusu, kule Kasulu. Baadaye zikafunguliwa Nduta na Mtendeli.

Nawauliza: watu wale walikuwa wanakimbia nini? Ukame? Tetemeko? Hapana. Walikuwa wanakimbia mgogoro ulioanza na muhula mmoja wa urais. Aprili 25 mwaka ule chama tawala cha Burundi kilimteua Rais Pierre Nkurunziza agombee muhula wa tatu, wakati Makubaliano ya Arusha ya Agosti 2000, yaliyosimamiwa na Mwalimu Nyerere na baada ya kifo chake na Mzee Mandela, yalisema rais ni mihula miwili basi. Watu wakaingia barabarani Bujumbura. Risasi zikalia. Siku chache baadaye boti zikaanza kufika Kagunga.

Hilo ndilo jibu langu, mzee wangu. Addis Ababa wakinyamaza, Arusha wakinyamaza, gharama ya ukimya wao haiendi Addis wala Arusha. Inakuja hapa, kwa boti. Ndivyo ilivyokuwa 1972. Ndivyo ilivyokuwa 1993 baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa. Ndivyo ilivyokuwa 2015. Mkoa huu una haki ya kuuliza jumuiya hizi zinafanya kazi gani, kuliko mkoa wowote wa nchi hii.

Sasa tazameni kilichofuata, maana ndani yake mna somo zima la leo. Mei 13, 2015 wakuu wa Afrika Mashariki walikutana Dar es Salaam kuijadili Burundi, na Nkurunziza mwenyewe alikuwa Dar. Siku hiyo hiyo habari zikaja kutoka Bujumbura: Jenerali Godefroid Niyombare ametangaza redioni kwamba amempindua. Wakuu wakalaani mapinduzi saa hiyo hiyo, na mwishowe hayakufanikiwa. Walikuwa sahihi, nami ningelaani. Lakini ule muhula wa tatu uliowasha moto? Waliomba uchaguzi usogezwe mbele kidogo. Kuhusu muhula wenyewe hawakutoa kauli ya kuupinga.

Kwa askari aliyeshika bunduki, sauti moja, siku moja. Kwa rais aliyeshika kalamu, kikohozi tu. Ndugu zangu, huo ndio ugonjwa wa jumuiya zetu, na nitauzungumzia leo mpaka niushike mzizi.

Tuwe wa haki kwanza. Tumetoka mbali. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulioanzishwa Mei 25, 1963 ulikuwa na amri moja kubwa: usiingilie mambo ya ndani ya mwenzako. Amri ile ilikuwa na sababu yake, tulikuwa tumetoka juzi kwenye ukoloni. Lakini iliwalinda nani? Mwaka 1975 mkutano wa wakuu ulifanyika Kampala na mwenyekiti wa Afrika nzima akawa Idi Amin. Afrika nzima! Watu wanauawa Uganda, na mwuaji ameshika rungu la mwenyekiti. Tanzania ilisusa mkutano ule. Mwalimu alikataa kwenda kukaa pale, na mimi kila nikifundisha habari hii najivunia nchi yangu.

Ikachukua robo karne kubadilika. Algiers 1999, wakuu wakakubaliana kwamba anayeingia kwa mapinduzi asikae nao tena mezani. Lomé, Julai 2000, wakaweka utaratibu kwa maandishi. Sheria ya kuunda Umoja wa Afrika ikaupokea: serikali iliyoingia kinyume cha katiba inasimamishwa. Kisha ukaja Mkataba wa Afrika wa Demokrasia, Uchaguzi na Utawala, uliopitishwa Januari 2007 na kuanza kutumika Februari 2012.

Na kweli wanasimamisha. Mauritania wamesimamishwa. Madagascar 2009, wakakaa nje hadi 2014. Mali, Guinea-Bissau, Misri, Sudan, Burkina Faso, Niger, Gabon, wote wamepitia. Hakuna bara jingine lenye utaratibu unaotumika mara nyingi hivi, na anayesema Umoja wa Afrika haufanyi lolote hajafuatilia.

Basi tatizo liko wapi?

Fungueni ule Mkataba, kifungu cha 23. Kimetaja njia tano za kuingia au kubaki madarakani kinyume cha katiba. Mapinduzi ya kijeshi yamo. Mamluki wamo. Waasi wamo. Aliyeshindwa uchaguzi akagoma kutoka yumo. Na ya tano, sikilizeni vizuri: kubadilisha katiba au sheria kwa namna inayovunja misingi ya kupokezana madaraka kidemokrasia. Wameiandika wenyewe, wakaipitisha wenyewe. Niambieni, ni nchi gani imewahi kusimamishwa na Umoja wa Afrika kwa njia ya tano? Hakuna. Hakuna hata moja.

Chukueni Guinea. Rais Alpha Condé alikuwa mpinzani miaka mingi, akafungwa kwa ajili ya siasa, akashinda uchaguzi mwaka 2010. Muhula wa pili ulipokaribia kwisha akaleta katiba mpya. Machi 2020 kura ya maoni ikapigwa, watu wakafa barabarani wakiipinga. Oktoba 2020 akagombea tena akatangazwa mshindi wa muhula wa tatu. Jumuiya zikafanya nini? Zikaendelea naye. Septemba 5, 2021 askari wa kikosi maalumu wakiongozwa na Mamady Doumbouya wakamtoa ikulu. Ndani ya siku chache, ECOWAS imeisimamisha Guinea, Umoja wa Afrika umeisimamisha Guinea. Mnaona? Kijana wa Conakry aliyepigwa risasi mwaka 2020 akipinga katiba ile, jumuiya ilikuwa wapi? Aliposhangilia mizinga mwaka uliofuata tukamlaumu kwamba hapendi demokrasia. Nani alimfundisha kwamba njia ya sanduku la kura imefungwa?

Sisemi askari wana haki. Naomba nieleweke, maana kuna vijana humu ndani wanaovaa fulana zenye picha za makapteni waliopindua nchi. Askari akichukua nchi kwa bunduki ataing'ang'ania kwa bunduki. Ninachosema ni kwamba anayelaani mapinduzi ya pili huku alinyamazia ya kwanza hana sauti tena, na wananchi wanamsikia hivyo.

Na hata kwa askari, sheria inalegea kutegemea ni nani. Mkataba huo huo unasema aliyepindua asigombee uchaguzi wa kurudisha katiba. Misri ilisimamishwa Julai 2013. Juni 2014 jenerali aliyeongoza mapinduzi, Abdel Fattah el-Sisi, akawa rais kwa uchaguzi, na mwezi huo huo Misri ikarudishwa. Chad, Aprili 2021: Rais Idriss Déby amefariki, katiba inasema spika ashike nchi, mwanawe jenerali akaishika. Chad haikusimamishwa. Ina jeshi ambalo wengi wanalitegemea, basi ikasamehewa.

Walimu wenzangu, mwanafunzi akikuuliza kwa nini iko hivi, utamjibu nini? Mimi namjibu kwa msemo wetu: kesi ya nyani, hakimu ngedere. Wanaokaa kumhukumu rais aliyeongeza muhula ni marais. Wengine wao wameongeza yao. Wengine wanafikiria. Watamhukumu vipi leo kwa kosa ambalo kesho wanalitaka?

Ushahidi upo. Mei 2015, mwezi ule ule wa Kagunga, wakuu wa ECOWAS walikutana Accra. Mezani kulikuwa na pendekezo zuri ajabu: mihula miwili tu kwa kila rais katika nchi zote wanachama, iwe sheria ya jumuiya. Nchi nyingi zilikuwa tayari zinaishi hivyo. Gambia ya Yahya Jammeh na Togo zikakataa. Pendekezo likafa. Hebu fikirini, kama lingepita, Condé angepata wapi mlango mwaka 2020?

Ushahidi mwingine uko SADC, ambako sisi ni wanachama. SADC walikuwa na mahakama yao Windhoek, Namibia. Mwaka 2008 mahakama ile iliihukumu serikali ya Zimbabwe katika kesi ya mkulima Mike Campbell na wenzake walionyang'anywa mashamba. Mtu anaweza kuwa na msimamo wake kuhusu ardhi ya Zimbabwe, jambo lile lina historia chungu ya ukoloni. Lakini Zimbabwe ilikataa hukumu, kesi ikapelekwa kwa wakuu wa nchi ili waamue la kufanya. Wakaamua. Mwaka 2010 waliisimamisha mahakama! Mwaka 2012 wakakubaliana kwamba mahakama mpya isipokee tena kesi ya mwananchi, ipokee ugomvi wa nchi na nchi tu. Mvunjaji akabaki, mahakama ikaondoka.

Msidhani ni ugonjwa wa Waafrika. Umoja wa Ulaya una kifungu cha 7 cha kumnyang'anya mwanachama haki ya kupiga kura. Walikianzisha dhidi ya Poland Desemba 2017, dhidi ya Hungary Septemba 2018. Hakuna hata mmoja aliyenyang'anywa, kwa sababu wengine wote lazima wakubaliane, na hao wawili walikuwa wanalindana. Walichokisikia ni pesa: fedha za jumuiya kuzuiwa, na Poland kutozwa na mahakama ya Ulaya faini ya euro milioni 1 kwa siku kuanzia Oktoba 2021. Huko wao wana mahakama isiyofungwa na wakuu wakikasirika, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko ya utajiri.

Nije kwenye vikwazo. Hapa wazee wa bandari watanisaidia, maana wanayajua kuliko vitabu.

Julai 25, 1996 Meja Pierre Buyoya alichukua madaraka Burundi kwa mara ya pili. Julai 31 viongozi wa nchi jirani wakakutana Arusha, Mwalimu akiwa msuluhishi, wakaifungia Burundi biashara. Majirani wenyewe, si Marekani, si Umoja wa Mataifa. Walitaka mambo matatu: Bunge lirudi, vyama viruhusiwe, mazungumzo yaanze na pande zote bila masharti. Na njia ya mzigo wa Burundi ilikuwa wapi? Ilikuwa hapa. Reli ya kati kutoka Dar, gati ya Kigoma, meli hadi Bujumbura. Wazee mliokuwa makuli pale bandarini mnakumbuka kreni zikisimama. Mafuta yakapanda bei Bujumbura, kahawa ikakosa njia ya kutokea.

Je, ilifanya kazi? Jibu la haki lina pande mbili, na naomba mnivumilie niziseme zote mbili.

Septemba mwaka ule ule Buyoya alirudisha Bunge na kuruhusu vyama. Juni 1998 mazungumzo ya pande nyingi yakafunguliwa Arusha. Januari 1999 vikwazo vikasitishwa, na Agosti 2000 makubaliano yakasainiwa. Kwa hiyo tusiseme havikusaidia. Madai yalikuwa wazi, majirani walikuwa pamoja, na mlango wa mazungumzo ulikuwa wazi saa zote. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ile ilikuwa fimbo ya karibu.

Lakini nani aliumia? Mwenye bunduki aliagiza mafuta ya magendo akayapata. Tajiri alilipa bei mpya akaendelea. Mama wa Rumonge, upande wa Burundi, aliyekuwa anauza mawese akaona chumvi na dawa havishikiki, na mama wa Ujiji aliyekuwa anamtegemea akakosa mteja. Ilibidi chakula cha msaada na vitu vya shule na hospitali viruhusiwe kidogo kidogo, baada ya watu kuwa wameshaumia. Vikwazo vya kufungia nchi nzima vinamchapa mtoto kwa kosa la baba.

Niger wamelirudia kosa hilo. Julai 26, 2023 Jenerali Abdourahamane Tchiani alimkamata Rais Mohamed Bazoum. Siku nne baadaye ECOWAS ikatoa juma moja amrudishe, la sivyo nguvu itatumika. Mipaka ikafungwa, fedha zikazuiwa. Nigeria ikakata umeme, na wakati huo kiasi cha asilimia 70 ya umeme wa Niger kilikuwa kinatoka Nigeria. Niamey ikaingia gizani mwezi wa joto na mvua. Malori yakapanga foleni ndefu Malanville, mpakani Benin, vyakula vikiharibika ndani. Juma likaisha, nguvu haikutumika. Bazoum hakurudishwa. Februari 2024 vikwazo vikaondolewa bila sharti lolote kubwa kutimizwa, na wakati huo Niger, Mali na Burkina Faso zilikwisha kutangaza kujitoa. Januari 29, 2025 zikawa zimetoka rasmi. Jumuiya ilitishia jambo isilokuwa na nia nalo, ikawaadhibu wasio na kosa, ikapoteza wanachama watatu.

Linganisheni na Gambia. Desemba 1, 2016 Jammeh alishindwa uchaguzi na Adama Barrow. Akakubali kwenye televisheni, halafu baada ya juma moja akageuka. ECOWAS haikufungia Wagambia sukari. Ilimwambia mtu mmoja: ukifika Januari 19 hujatoka tutakutoa, na hiki hapa kikosi. Barrow akaapishwa katika ubalozi wa nchi yake mjini Dakar, majeshi yakiongozwa na Senegal yakavuka mpaka siku ile ile, na Januari 21 Jammeh akapanda ndege kwenda Equatorial Guinea. Miaka 22 ya utawala ikaisha bila vita. Kwa nini iliwezekana? Gambia ni ndogo, imezungukwa na Senegal, hilo ni kweli. Lakini pia kulikuwa na mshindi anayejulikana, jirani aliyekuwa tayari, na adhabu iliyomlenga mkosaji na si mkulima wake wa karanga.

Na Burundi? Desemba 17, 2015 Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika liliamua kupeleka askari 5,000, likampa Nkurunziza saa 96 akubali, la sivyo wakuu watumie kifungu cha 4 cha Sheria ya kuunda Umoja, kinachowaruhusu kuingia bila ridhaa. Mabalozi waliandika kwa ujasiri. Mwisho wa Januari wakuu wenyewe wakakaa Addis, wakaangaliana, wakaamua kupeleka ujumbe wa viongozi watano kwenda kuzungumza. Askari hawakwenda. Nyarugusu ikaendelea kujaa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naliamini kuliko yote niliyosema, na ambalo halihitaji askari.

Mashirika ya kiraia ya Afrika Mashariki yaliipeleka Burundi kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, mwaka ule ule wa 2015. Walidai kwamba uamuzi wa Mahakama ya Katiba ya Burundi wa kuruhusu muhula wa tatu ulivunja Makubaliano ya Arusha na Mkataba wa Jumuiya. Ngazi ya kwanza wakashindwa. Wakakata rufaa. Novemba 2021 Kitengo cha Rufaa kikasema: ndiyo, uamuzi ule ulikuwa kinyume. Ni ushindi, na umeandikwa katika vitabu vya sheria. Lakini Nkurunziza alikuwa ameshafariki tangu Juni 2020, muhula wake ukiwa karibu kwisha. Waliokufa Kagunga walikuwa na miaka sita kaburini. Haki iliyokuja kwa mwendo huo inamfaa nani?

Nikiishia kwa majirani nitakuwa sijatenda haki. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo iko Arusha, kwenye ardhi yetu. Juni 2013 ilitoa hukumu katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki ya mwananchi kushiriki katika utawala. Mtikila alifariki Oktoba 2015 bila kuona mgombea binafsi kwenye karatasi ya kura. Na Novemba 2019 serikali yetu iliondoa tamko lililokuwa linamruhusu mwananchi wa kawaida kuishtaki moja kwa moja katika mahakama ile. Watanzania ndio waliokuwa wanaongoza kwa kufungua kesi pale, wengi wao wafungwa wanaolalamikia namna walivyohukumiwa. Sisi ndio wenyeji wa jengo, na mlango wetu tumeufunga.

Oktoba 29, 2025 tulipiga kura, na yaliyotokea mnayajua, sina haja ya kuyarudia mbele ya watu waliofiwa. Nataka mtazame jumuiya zilifanyaje. Waangalizi wa SADC walisema kwamba katika maeneo mengi wapiga kura hawakuweza kudhihirisha matakwa yao ya kidemokrasia. Waangalizi wa Umoja wa Afrika wakasema uchaguzi haukufuata viwango vya Umoja. Maneno mazito, ambayo sijawahi kuyasikia wakituambia sisi. Lakini pongezi za Mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika zilikuwa zimeshatolewa kabla waangalizi wake hawajatoa taarifa yao. Mwangalizi anaona, mkuu anapongeza. Mimi nawaheshimu wale waangalizi, waliandika walichokiona wakijua watakaosoma ni nani.

Mtaniuliza: sasa sisi tufanye nini, sisi si marais?

Mahakama ya Afrika Mashariki bado iko wazi kwetu. Kifungu cha 30 cha Mkataba wa Jumuiya kinamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kupinga sheria au kitendo cha serikali kinachovunja Mkataba. Hulazimiki kwanza kumaliza mahakama zote za nyumbani. Ila kuna mtego, na wengi wamenaswa: una miezi miwili tu tangu kitendo kifanyike au tangu ulipokijua. Miezi miwili ikipita, kesi yako hata iwe nzuri vipi inatupwa. Mwanasheria akikuambia tusubiri kwanza tuone, mwambie saa inahesabu. Masjala ndogo iko Dar es Salaam, huna lazima ya kwenda Arusha. Na inawezekana kushinda: Machi 2019 mahakama ile ilisema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinavunja Mkataba, na mwaka 2023 Bunge letu likarekebisha baadhi.

La pili, Bunge la Afrika Mashariki. Tuna wabunge tisa pale, wanachaguliwa na wabunge wetu wa Dodoma. Nani humu ndani anaweza kuwataja? Naona mkono mmoja. Hao ndio wa kuwauliza kwa nini Mkataba wetu una vifungu vya 146 na 147 vya kumsimamisha na kumfukuza mwanachama, na kifungu cha 148 kinachosema mwenyewe anayejadiliwa maoni yake hayahesabiwi, na bado vifungu hivyo vimelala. Waulizeni kuhusu ukomo wa mihula kwa jumuiya nzima, lile jambo lililokufa Accra. Waulizeni kwa barua yenye tarehe, siyo kwa kulalamika kijiweni.

Na mbunge wenu wa hapa akija kuomba lolote, mwulizeni swali moja tu: lile tamko la Mahakama ya Afrika litarudishwa lini? Akisema hajui habari zake, mwelezeni. Akisema ni mambo ya wakubwa, mkumbusheni Kagunga, maana mipaka ya Burundi na Kongo iko hapa na boti zitakuja hapa.

Kina mama wa Kibirizi, nimeambiwa mna hoja kuhusu wateja wenu wa upande wa pili na ushuru. Nitaanza na nyie. Ndugu Mwenyekiti, nashukuru, tuchukue maswali.